Kitabu cha Tatu

Kila Jumatano saa nane mchana, wasomaji waliokuja kupitisha mapumziko yao wakisharudi kazini na maktaba ikipoa, Kinda alifunga vifurushi. Alikuwa na utaratibu wake na hakupenda uvurugwe. Kitabu kipana chini, cha wastani katikati, chembamba juu. Karatasi ya kaki, mikunjo miwili kila upande. Kamba ya katani mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana, kisha fundo jepesi ambalo hata mzee mwenye vidole vilivyokakamaa angelifungua bila kuomba msaada. Mwisho kadi, ikichomekwa chini ya kamba. Siku hiyo alikuwa amefika kifurushi cha tisa, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo kama ilivyokuwa kawaida yake akizama kazini, mkono wa mtu ulipotua juu ya fundo na kuligandamiza mezani.

“Hapo hapo,” alisema Mama Kaunta. “Usifunge. Hiki si cha Fundi?”

“Ni cha Fundi, mama.”

“Basi toa kitabu cha tatu ukirudishe rafuni. Leo na wewe unacheza.”

Kinda si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata siku ya kwanza ya kazi, alipoingia mlangoni mabega yamemfika masikioni na cheti cha chuo amekikumbatia kifuani, akaamkia watu wote kwa mpigo mmoja, akarudi nyuma, akaigonga mashine ya kutolea nakala, akaiomba radhi. “Jamani,” Mama Kaunta aliuliza, “hili kinda limeanguka kutoka kiota gani?” Watu walicheka, na jina likamganda. Huyo Mama Kaunta ndiye aliyekaa mbele, kwenye kaunta ya kuazimisha, akigonga mihuri kwa kishindo kama mtu anayeua mende. Alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumenya embe.

Maktaba ile ilisifika kwa vifurushi vyake. Mkutubi Mkuu, ambaye siku zote alikuwa ghorofani kwenye vikao, ndiye aliyevibuni. Msomaji alijaza fomu: unapenda kusoma nini, hupendi nini, mara ya mwisho kitabu gani kilikukosesha usingizi. Kisha kila Alhamisi alipewa vitabu vitatu alivyochaguliwa na wafanyakazi. Cha kwanza kiliitwa Nyumbani, kwa sababu kilitoka kwenye rafu aliyoizoea. Cha pili kiliitwa Jirani: mpenda hadithi za upelelezi angepewa historia ya kesi fulani, mpenda mashairi angepewa insha. Cha tatu kiliitwa Mgeni. Hicho kilitoka mbali kabisa, kwenye rafu ambayo msomaji hajawahi kuisimamia, na nia ilikuwa njema: mtu wa riwaya za vita aonje kilimo cha bustani, mwanafunzi wa hesabu aonje ngano. Kifurushi kilifunguliwa palepale, kwenye meza ndefu ya dirishani, kwa sababu kamba na karatasi vilibaki maktaba vitumike tena.

Meza ile ilitazamana na kaunta. Na hapo ndipo nia njema ilipooza.

Nani alianza, hakuna aliyekuwa tayari kukiri. Kamusi alisema ni Mama Kaunta. Mama Kaunta alisema ni Kamusi. Huyu Kamusi alisimamia chumba cha marejeo, mwanamume mrefu, mkavu, aliyesema “kwa hakika” hata akiagiza sukari. Inavyoelekea siku moja mpiga picha wa mtaani, ambaye mkewe alikuwa ameondoka na jirani wa nyumba ya pili, alikuta Mgeni wake ni kitabu cha ujenzi wa nyua. Alikitazama, akakigeuza, akatazama tena, masikio yakamsimama. Pale kaunta walikufa kwa kicheko, wakijificha nyuma ya kabati la fomu. Tangu hapo ikawa mchezo. Kondakta mwenye kigugumizi alipewa kitabu cha ufundi wa kuhutubia. Msichana aliyeachwa wiki moja kabla ya harusi alipewa mapishi ya watu mia tatu. Mzee mwenye upara alipewa utunzaji wa nywele, na huyo, maskini, alishukuru.

Kulikuwa na sheria. Kila wiki mmoja wao alichagua Mgeni mmoja wa mchezo. Wengine walikaa kaunta na kutazama uso wa msomaji. Kamusi alitoa alama: kununa alama mbili, kuinamisha kichwa tano, machozi kumi. Aliyefika kumi alipumzika Jumamosi mbili, na wenzake walimtengenezea chai.

Kinda alikuwa na miezi mitano pale, na wiki tatu tu zilibaki kabla fomu yake ya kuthibitishwa kazini haijapanda ghorofani, ikiwa na maoni ya wenzake. Zamu zote za Jumamosi alizifanya yeye. Hakuwahi kucheza. Aliwachagulia watu vitabu kwa moyo wake wote, akaandika kadi ndefu kwa mwandiko wa duara, na kila Alhamisi asubuhi Mama Kaunta alichomoa kadi moja na kuisoma kwa sauti ya kulialia, mkono kifuani: “‘Ndugu msomaji, nimekuchagulia kitabu hiki kwa sababu niliona unapenda mvua.’ Ewe Mola, nishike nisianguke! Anapenda mvua!” Kamusi alitoa kitambaa na kujifuta macho. Kinda naye alicheka kidogo, kama mtu anayechekea mguu wake uliokanyagwa. Chai ilipomiminwa, vikombe vilikuwa viwili.

Hakuwa mjinga. Alijua wanachowafanyia watu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuwa peke yako saa nane kwa siku katika chumba chenye watu wawili wanaocheka ni kitu kingine.

“Mimi sijui kuchagua vya hivyo, mama,” alisema sasa, macho kwenye kamba.

“Atajulia wapi, hajawahi kujaribu,” alisema Kamusi kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja na kikombe chake. “Kwa hakika ni suala la mazoezi.”

“Nitakusaidia,” Mama Kaunta alivuta kiti. “Fundi miwani yake ameifunga uzi. Mpe kile cha magonjwa ya macho.”

“Au kile cha mitindo ya wanamitindo,” alisema Kamusi. “Mgongo wake ule!”

Fundi alikuwa mshonaji mstaafu, mama wa makamo ya mwisho, mfupi, mgongo umejikunja kwa miaka arobaini ya kuinamia cherehani. Alisoma riwaya za mapenzi tu. Katika fomu yake, mbele ya swali la vitabu asivyovipenda, alikuwa ameandika: *Visivyo na harusi.* Alikuwa msomaji pekee aliyemwita Kinda “mwanangu”.

Mchana mmoja wa mvua, miezi miwili nyuma, alimkuta Kinda akihangaika na gundi kwenye kitabu kilichoachia kurasa. “Gundi haitaki hapo,” alisema, akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. “Lete.” Akamfundisha kushona kurasa kwa mshono wa kurudi nyuma, uzi ukipita mara mbili kwenye tundu lilelile. Wakakaa wawili, wakishona, mvua ikipiga bati. Na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi na macho yalitazama uzi, Fundi alisema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa na binti mmoja. Miaka saba iliyopita alimgundua ana mimba, na mwanamume hajulikani. Akaweka begi la binti barazani, akafunga mlango, na binti alipoanza kulia nje, yeye akaongeza sauti ya redio. “Niliongeza mpaka mwisho, mwanangu. Mpaka spika ikakwaruza.” Baadaye alisikia kwamba binti yuko mji wa pili, anauza mikate kwenye tanuri la watu. Kuhusu mtoto hakuwahi kusikia, wala hakuthubutu kuuliza.

Kinda aliliweka neno lile pale watu wanapoweka vitu vya kukabidhiwa.

“Haya, chagua,” alisema Mama Kaunta. “Macho au mitindo? Au mwache tu, turudi kwenye kazi. Nilikwambia, Kamusi, huyu hataweza. Huyu atakufa akiomba radhi.”

Angeweza kuchukua kile cha macho. Fundi angecheka, maana aliicheka hata yeye mwenyewe ile miwani. Alama mbili, yakaisha. Lakini Kinda alisikia “huyu hataweza” ikimwingia mahali pabaya, mahali palipokuwa na njaa. Akainuka. Akapita rafu ya mashairi, akapita ya safari, akakunja kona ya afya ya jamii, na miguu yake haikusita hata mara moja. Aliporudi aliweka mezani kitabu kipana cha kulea kichanga. Kwenye jalada palikuwa na picha ya bibi amempakata mjukuu aliyefungwa shali jeupe.

Mama Kaunta alikitazama. “Sijakuelewa. Kwani Fundi ana mtoto?”

Kinda akawaambia. Aliwaambia yote: begi, baraza, mimba, redio mpaka ikakwaruza. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka bila kutetemeka, na jinsi alivyojua pa kusimama kidogo ili wasikilize. Hakuwahi kusikilizwa namna ile tangu azaliwe.

Kisha Kamusi alivua miwani na kupiga makofi, polepole. Mama Kaunta alilaza kichwa mezani, mabega yakimtikisika. “Mama yangu! Redio! Kinda, kumbe wewe ni nyoka! Kamusi, sisi watoto wadogo. Sisi tunarusha mawe, mwenzetu ana sindano!” Akainuka, akafuta machozi ya kicheko, akaenda kwenye birika. Alirudi na vikombe vitatu.

Chai ilikuwa na sukari nyingi. Kinda aliinywa yote.

Kesho yake Fundi alikuja saa nne, kama kawaida yake, mkoba wa kitambaa begani. Alisaini, akachukua kifurushi, akaenda kukaa meza ya dirishani. Kaunta ilipata wafanyakazi watatu waliokuwa ghafla na shughuli nyingi za kupanga kadi.

Alifungua fundo kwa kucha mbili. Kitabu cha kwanza kilikuwa riwaya ya mapenzi yenye maua. Alikipapasa akakiweka kando. Cha pili, barua za mabaharia kwa wake zao, akatabasamu. Kisha akaona cha tatu.

Hakununa. Hakuinamisha kichwa. Alikaa tu akilitazama jalada, na uso wake ukawa kama nyumba ambayo mtu amezima taa chumba baada ya chumba. Midomo ilicheza. Kisha akainua macho, akatafuta chumba kizima mpaka akampata Kinda, na machozi yakamshuka bila sauti, moja kwa moja mpaka kidevuni, wala hakuyafuta.

“Kumi,” alinong’ona Kamusi. “Kumi kamili. Kwa hakika sijawahi kuona.”

“Hongera, mwali wetu,” Mama Kaunta alimfinya Kinda kiuno. “Jumamosi mbili ulale mpaka jua likuchome.”

Kinda aliondoka pale na kitoroli cha vitabu, akajipenyeza kati ya rafu mbili za nyuma, akasimama. Alisikia nyayo, zile za kuburuza kidogo, na akajua kwamba amefuatwa. Akajiandaa kupigwa kofi. Alilitaka.

Fundi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Vidole vyake vilikuwa vigumu pale sindano ilipopita maisha yote.

“Nimekuelewa,” alisema.

“Mama...”

“Usiseme kitu. Nimekuelewa, mwanangu. Miaka saba watu wananipita mlangoni wanaangalia chini. Ndugu zangu wa damu hawajathubutu kunitajia. Na wewe, binti mdogo unayeogopa hata kivuli chako, umeniambia. Bila kunitangaza. Ndani ya karatasi, kimyakimya.” Alikibonyeza kile kitabu kifuani. “Unaniambia niende. Kwamba mimi bado ni bibi ya mtu.”

Kinda alifungua mdomo. Lilikuwa jambo dogo tu la kusema, maneno matano au sita, na nafasi ilikuwepo, pana kama mlango. Nyuma ya rafu alisikia Mama Kaunta akikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

“Nitakwenda Jumamosi hii ijayo kwa basi la kwanza,” Fundi aliendelea. “Nitamshonea nguo. Sijui ni wa kike au wa kiume, lakini hilo si tatizo, nitashona za aina zote mbili. Hebu niambie, wewe una wapwa: mtoto wa miaka saba siku hizi amefika wapi?”

Na Kinda alinyosha kiganja na kukiweka hewani, usawa wa kiuno chake, kidogo juu ya mkanda.

Fundi alichomoa utepe wa kupimia kutoka mkobani, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiganja kile, akaandika nambari nyuma ya mkono wake kwa kalamu ya wino. “Nitaweka upindo mnene,” alisema. “Watoto hawangoji.”

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu, na hilo ndilo Kinda hakuweza kujisamehe baadaye. Alipewa kikombe chake, chenye mkono mzima. Mama Kaunta alimsimulia habari za shemeji zake. Kamusi alimwachia gazeti. Kadi zake hazikusomwa tena kwa sauti ya kulia. Jumamosi ya kwanza alilala mpaka saa tatu, kisha akakaa kitandani akimfikiria Fundi ndani ya basi, na hapo akaanza kujidanganya kidogo kidogo, kama mtu anayeonja mboga jikoni mpaka sufuria inaisha. Pengine nilikusudia hivyo kweli, aliwaza. Pengine moyo wangu ulijua kuliko mimi. Kufika jioni alikuwa ameshaona tanuri la mikate, binti akitoka na unga mikononi, mtoto akijificha nyuma ya sketi. Alilia kwa furaha. Aliulilia wema wake mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata Fundi hakuja. Kifurushi chake kilibaki kwenye rafu ya kungojea.

“Ameshahamia kwa mjukuu,” alisema Mama Kaunta. “Kinda, fungua ofisi ya kusuluhisha familia. Mimi nitakuwa karani wako.”

Alikuja Alhamisi ya pili yake, si saa nne bali saa sita, maktaba ikiwa na watu watatu tu waliosinzia juu ya magazeti. Hakuwa na mkoba. Alishika mfuko wa nailoni, na alitembea kana kwamba mtu alikuwa ameisogeza sakafu. Hakwenda dirishani. Alikuja moja kwa moja kaunta, ambako wote watatu walikuwa wamesimama, akauweka mfuko juu na kutoa kitabu. Chini yake palikuwa na gauni la njano la mtoto, na kaptula, na shati la mistari, vyote vimepigwa pasi.

“Nimerudisha,” alisema.

“Karibu mama,” Mama Kaunta alichukua muhuri. “Tulikukosa. Ulisafiri?”

“Nilikwenda kwa binti yangu, nikampata.” Alisema bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anayesoma vipimo vya mteja. “Yuko palepale kwenye tanuri. Amekonda. Alinitambua kabla sijafika. Nikamwambia, nimekuja kumwona mjukuu wangu. Nikamwonyesha hiki kitabu, ajue nimejifunza, ajue nimebadilika. Nikamtolea nguo. Akazishika. Akalipima hili gauni begani kwake, hivi. Akaniuliza, ‘Hili la nani, mama?’”

Muhuri ulikuwa umesimama hewani.

“Alikuwa wa kiume. Aliishi siku kumi na moja. Binti yangu alijifungulia chumba cha kupanga, hakuwa na mtu wa kumwonyesha namna ya kumshika, mtoto akapata homa, naye hakujua kwamba ile ni homa. Aliniambia hivyo: ‘Sikujua kama ile ni homa, mama. Na wewe unaniletea kitabu leo.’ Akasema, ‘Umekaa miaka saba, halafu ukatafuta njia ya kuja kunicheka.’ Akaniita mbele ya wateja jina ambalo sitalitaja. Akafunga kidirisha cha kuuzia. Nikakaa nje mpaka basi la jioni. Ndani walikuwa na redio. Nikamsikia akiongeza sauti.”

Mzee mmoja wa magazeti aligeuza ukurasa. Kamusi alikuwa ameinamisha macho akitafuta kitu kwenye droo tupu. Mama Kaunta aliushusha muhuri polepole, pembeni mwa kitabu, pasipo kugonga.

“Pole sana, mama,” alisema, na kwa mara ya kwanza hakupata la kuongeza. Kisha akalipata, maana hakuzoea kukosa. “Lakini maktaba si mganga, unajua. Sisi tunatoa vitabu tu. Mtu akitafsiri mambo yake...”

“Sijaja kulalamika,” Fundi alimkata. “Nani kasema nimekuja kulalamika? Kosa ni langu, la miaka saba. Huyu mtoto,” akamwelekea Kinda, na uso wake uliokuwa umekauka ukalainika, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote, “huyu mtoto asijilaumu. Nimekuja hasa kwa hilo. Nilisema ndani ya basi, atasikia, atajilaumu, ana moyo mwepesi. Mwanangu, ulinionea huruma. Katika mji huu mzima ni wewe peke yako uliyenionea huruma. Ulichokusudia kilikuwa chema.”

Kinda alishika ukingo wa kaunta. Aliona alama za wino wa zamani kwenye mbao, akazihesabu, akazipoteza.

“Kwa hiyo nataka unichagulie tena,” alisema Fundi.

“Nini, mama?”

“Kifurushi. Hasa cha tatu. Mimi akili yangu imefika mwisho. Sijui nirudi tena kwake wiki ijayo, nilale hata barazani mpaka anifungulie, au nimwache, nisimtoneshe kidonda, nife zangu kimya. Nimelala na hilo siku kumi na mbili. Wewe unaona mambo. Nipe kitabu, na kitakachosema nitafanya. Kikisema rudi, nitarudi. Kikisema nyamaza, naapa hatanisikia tena mpaka naingia kaburini.”

Alisimama pale, mikono imekunjwa juu ya zile nguo, akingoja kama mtu angojavyo dawa kwenye dirisha la hospitali.

“Nenda kamchagulie,” Mama Kaunta alisema kwa sauti ya chini, haraka, akimgusa Kinda kwa kiwiko. “Mpe chochote kizuri. Mpe cha maua aende.”

Kinda alikwenda. Alisimama katikati ya rafu, na vitabu vyote vilikuwa pale: vya safari, vya subira, vya msamaha, vya bustani. Alijua kuchagua, hiyo ndiyo ilikuwa kazi aliyoipenda duniani. Angeweza kutoa kimoja chenye mlango uliofunguka kwenye jalada, na mwanamke yule angepanda basi tena, akalale kwenye baraza la watu. Angeweza kutoa kimoja cha utulivu wa uzeeni, na mama na binti wasionane tena. Kwa mkono huu mmoja. Alinyosha mkono, akaurudisha.

Alirudi kaunta mikono mitupu.

“Hakuna, mwanangu?” Fundi aliuliza.

Kamusi alikuwa amemsoma usoni. “Kinda,” alisema, akisahau “kwa hakika” yake. “Usiharibu. Kitu kimeshatokea, hakitatokea upya. Mwache mama aondoke na moyo wake.”

“Na fomu yako inapanda ghorofani Jumatatu,” alisema Mama Kaunta, akitabasamu kwa ajili ya wasomaji wa magazeti, meno yamebana. “Sisi ndio tunaoandika. Ukitutaja, na wewe umejitaja. Utakwenda kufunga vifurushi vya nini tena huko nje?”

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mjinga naye. Alikuwa amepima watu maisha yake yote, na alijua mtu anapovuta tumbo ndani. “Wanazungumza nini hawa?” aliuliza. “Mwanangu, kuna nini? Si ulinichagulia kwa nia njema? Ulikusudia niende kwake, si ndiyo? Sema ndiyo tu.”

Ndiyo ilikuwa mdomoni, tayari, tamu kama ile chai. Mzee wa magazeti alikuwa ameinua kichwa. Kinda aliyatazama macho yale nyuma ya miwani iliyofungwa uzi, na sauti ilipotoka haikuwa ya kunong’ona, wala haikuomba radhi.

“Hapana, mama. Sikukusudia uende popote. Hapa tuna mchezo: tunamchagulia msomaji kitabu cha tatu kitakachomuuma, halafu tunasimama hapa tunatazama uso wake. Siri yako niliwaambia hawa mimi mwenyewe, yote, mpaka ile ya redio, na walipocheka nilifurahi. Kile kitabu nilikichagua ulie, mama. Nilitaka ulie, ili na mimi nipendwe.”